Kichapo cha Theluji

Margwe alishuka Katesh saa saba mchana, na ngumi ya kwanza ilimkuta hajamaliza kushuka. Mguu mmoja ulikuwa bado kwenye ngazi ya basi, tena ule mbovu, na mkono umeshika begi la magurudumu ambalo gurudumu lake moja lilibaki kwenye uwanja wa ndege wa watu. Ngumi ikatua chini ya jicho. Akakaa kwenye ngazi kama abiria aliyekumbuka kwamba hajalipa nauli.

"Karibu nyumbani," alisema Musa, mwenye ngumi yake.

Nyuma ya Musa alisimama mdogo wake, Mudathir, ameshika mita ya mbao, ile ya kupimia vitambaa dukani kwao. Duka la mama yao, Mama Mwamvita, liko hatua chache tu kutoka stendi. Wanauza vitenge, mashuka, na yale mablanketi mazito ambayo ukiingia nyumba yoyote ya Hanang isiyo nalo ujue wenyewe wamehama. Maana yake Margwe alikuwa anakwenda kupigwa kwa mita ileile iliyopima kitambaa cha sare yake ya darasa la kwanza.

"Musa, kaka, ngoja basi nishuke."

"Shuka. Nani amekuzuia? Huku chini kuna nafasi kubwa."

Kondakta, kijana anayejipenda, alirusha begi nje, akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka. Mvua ya manyunyu ya Julai ilikuwa inashuka kutoka mlimani, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa, na watu waliokuwa wamejikunyata kwenye vibanda vya chai wakasahau baridi wakatoka nje. Wengine walitoa simu. Hapo Margwe akacheka, damu ikamtoka puani. Alikuwa ameponzwa na simu ya mtu, na sasa anapigwa picha anavyoponzwa.

Kosa lake lilikuwa video ya sekunde arobaini na moja. Katika video ile, mwanaume mrefu aliyevaa singlendi amemkalia mwenzake kifuani, juu ya theluji, anamzaba makofi. La kushoto, la kulia, la kushoto. Anamwinua kwa kola, anamtikisa kama mtu anayekung'uta gunia la maharage, anamtupa chini, anaanza upya. Yule wa chini anamng'ata mkono, naye anapigwa zaidi. Mwishoni linaonekana gari la polisi. Anayepiga ni Margwe wa kijiji cha Mogitu. Anayepigwa ni Saleh, mtoto wa kwanza wa Mama Mwamvita, kaka yao Musa na Mudathir, aliyekwenda Kanada miaka tisa iliyopita na ndiye aliyempokea Margwe alipofika huko kufanya kazi. Jirani wa ghorofani aliipiga kupitia dirishani. Ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la Waafrika wa jiji lile, na mtu mmoja asiye na shughuli akaiwekea muziki wa singeli kwa juu. Kufika Katesh, kila mwenye simu alikuwa ameiona, na asiye na simu alisimuliwa vizuri zaidi ya ilivyo.

Miezi mitano stendi ilimsubiri.

"Kaka yangu alikufungulia mlango," Musa alisema, na teke. "Akakulisha." Teke. "Akakulaza kwake." Mudathir akashusha mita mgongoni, ikalia kama mlango wa kabati. "Ukamkalia kifuani kama gogo!"

"Jitetee basi!" Mudathir alifoka. Kupiga mtu aliyenyamaza kunachosha. "Sema chochote!"

Margwe alikuwa na la kusema. Tangu Winnipeg, kule Kanada, mpaka Addis, tangu Addis mpaka Kilimanjaro, alikuwa amelipanga na kulipangua. Jambo moja tu alilitaka katika dunia hii: Mama Mwamvita ajue kwamba yeye hakutaka kumuua mwanawe. Bila hilo Hanang haina nafasi kwake. Kila gunia la mahindi la Mogitu linapita Katesh, kila mgonjwa, kila jeneza, na huwezi kuishi maisha yako yote ukipita stendi kwa kujificha chini ya kiti. Lakini mdomo wake ulikuwa na kufuli mbili. Ya kwanza aliifunga Saleh mwenyewe, kitandani hospitali: "Waambie nyumbani chochote, lakini usiwaambie ninapoishi." Yeye mwenyewe, nyumbani walipompigia, alisema tu wamepatana, akakata simu. Ya pili alijifunga mwenyewe. Jiko la mkaa lililoanzisha yote lilikuwa la kwake.

Kwa hiyo alikunja miguu, akafunika kichwa, akapokea.

*

Margwe alikwenda kule akiwa na kiburi cha baridi. Mtu aliyezaliwa Mogitu, ambaye babu yake alilala nyumba moja na ng'ombe ili pumzi zao ziwape watoto joto, utamwambia nini kuhusu baridi? Saleh alimpokea uwanja wa ndege mwezi wa kumi na moja, akamwangalia alivyovaa sweta na kofia ya Kimasai ya watalii, akasema: "Mdogo wangu, umevaa kwa ajili ya kufa."

Milango ya uwanja ikafunguka. Margwe akavuta pumzi, vinyweleo vya puani vikagandana. Akatoa chozi la mshangao, nalo likaganda kwenye kope.

"Baridi ya kwetu inakusumbua," Saleh alimwambia. "Hii inakupiga. Haina utani. Usishike chuma kwa mkono mtupu, ngozi itabaki. Vaa nguo tatu nyembamba kabla ya moja nene. Masikio usiyaache nje, siyo matangazo. Na vidole visipouma, ndipo uogope."

Akajifunza. Alijifunza kutembea kama bata ili asianguke kwenye barafu, akaanguka hata hivyo, akapasuka kidevu. Alijifunza kwamba magari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha kama simu. Alipata kazi aliyoitiwa, kukata nyama kiwandani, ndama baada ya ndama wakipita wananing'inia kwenye minyororo, kisu mkononi, damu mpaka kwenye viwiko. Chumba cha kukatia kilikuwa baridi ya friji, na asubuhi za Januari Margwe alikuwa anakimbia kutoka kituo cha basi ili awahi kuingia kwenye friji aote joto.

Na alijifunza Saleh anavyoishi. Katesh walijua ni meneja. Picha zake zote kapiga kando ya magari. Margwe alikuta chumba cha chini ya ardhi, magodoro mawili, kadirisha kadogo karibu na dari ambako ungeona viatu vya wapita njia kama theluji isingekaziba. Saleh alikuwa anaosha vyombo kwenye hoteli mbili. Hakuwahi kulalamika. Alipika wali wa nazi ya kopo Ijumaa, akampa Margwe godoro lililo mbali na ukuta wenye barafu. Ndiyo, ukuta ulikuwa na barafu kwa ndani.

Katikati ya Februari mtambo wa kupasha joto wa nyumba ile ulikufa. Mwenye nyumba akasema kifaa kitakuja Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na nje ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Ijumaa maji ya kwenye bilauri yaliganda. Jumamosi Saleh aliacha kuongea. Jumapili mchana Margwe, mtoto wa mkulima, akaona huu ni ujinga: watu wazima wawili wanakufa kwa baridi na mkaa unauzwa kituo cha mafuta! Akachukua kopo tupu la rangi, akalitoboa kwa msumari pande zote, akalijaza mkaa. Jiko la Mogitu kabisa. Saleh alipoona makaa mekundu alikaa akanyosha mikono, macho yakamlowa.

"Yaani kama kwa mama," alisema. "Kama Katesh mwezi wa saba."

"Si nilikuambia? Wazungu wana mitambo, sisi tuna akili."

Maneno hayo Margwe anayakumbuka neno kwa neno. Angepewa nafasi angeyameza pamoja na meno.

Mogitu jiko halimdhuru mtu, maana ukuta unapumua, mabati hayajakutana na tofali, mlango una nafasi ya kupitisha kuku. Chumba kile kilikuwa kimezibwa kwa plastiki na gundi hadi tundu la ufunguo. Margwe alianza kuumwa kichwa, akadhani ni njaa. Akatoka kwenda kununua maziwa. Dakika ishirini. Aliporudi alivua viatu mlangoni kama alivyofunzwa, akashuka ngazi, akakuta Saleh amelala chali, uso mwekundu mzuri kama mtu aliyetoka kuoga, mdomo wazi.

"Saleh. Kaka. Chai."

Akamsukuma. Kichwa kikaenda upande wa pili, hakikurudi.

Hakumbuki vizuri kilichofuata. Alivunja dirisha kwa ngumi. Alimburuta Saleh ngazi kumi na mbili, kichwa kikigonga ngazi ya tatu na ya tisa. Alimtupa kwenye theluji, akavua koti lake la bluu na sweta, sweta akamfunga kichwani, koti akamvika juu ya jekundu la Saleh. Saleh akavuta pumzi moja, akatabasamu, akaanza kulala tena.

Hapo ndipo Margwe akampiga.

Kwetu Mogitu mtu aliyeshikwa na baridi mlimani habembelezwi. Margwe akiwa na miaka kumi na moja mvua ya mawe iliwakuta juu ya mlima Hanang na ng'ombe, akakaa chini ya jiwe, akaanza kusikia raha, usingizi mtamu. Mzee Gidahosh, mchungaji wa Kidatoga, jirani yao, alimkuta. Hakumpa pole. Alimchapa fimbo za miguu kutoka kule juu mpaka kwenye shamba la kwanza la mahindi, kila akiyumba fimbo, kila akilia fimbo nyingine. "Lia!" alikuwa anapiga kelele. "Anayelia hajafa!" Mama yake alipoona miguu imevimba alimpelekea Gidahosh jogoo wa shukrani.

Ndiyo kipigo pekee ambacho Margwe alikuwa anakijua cha kurudisha mtu, na alikitoa chote. Alimzaba mpaka viganja vikafa ganzi. Saleh alipomng'ata mkono, Margwe alipiga ukelele wa furaha, akamzidishia. Polisi walipofika walimwangusha kifudifudi wakamfunga pingu, na soksi zake zilikuwa zimeganda kama bati. Walimwachia siku mbili baadaye, Saleh alipoamka hospitali akawaambia, "Yule ni ndugu yangu." Lakini miguu ilikuwa imeshaacha kuuma tangu kwenye theluji, na Saleh alikwisha kumwambia maana yake. Mguu wa kushoto madaktari walimkata vidole vitatu. Kiwandani mtu anayechechemea akiwa na kisu hatakiwi. Mkataba ulipokwisha hawakumpa mwingine.

*

Musa na Mudathir walipochoka kupigia stendi walimburuta mpaka barazani dukani, kusudi mama yao aone kazi imefanyika. Kiatu kimoja kilibaki njiani kwenye tope.

Mama Mwamvita alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya mablanketi, ushungi mweusi, shali ya sufu mabegani. Ile video hakuwahi kuitazama. Alisimuliwa na mashoga zake ikamtosha, na mbele yao aliapa kitu kimoja: "Mtoto yule asinisalimie. Akinisalimia sitaitika mpaka nife." Kwa watu wa huku hilo ni kubwa kuliko ngumi. Mtu mzima akikunyima marahaba, amekufuta.

Margwe alijiinua kwa viwiko. Jicho moja limefunga. Akatema jino, akalisogeza pembeni kwa adabu, kusudi lisiwe mbele ya mkubwa.

"Shikamoo mama."

Muuza chai kashika birika hewani. Mama Mwamvita alikaza midomo, akaangalia mvua. Lakini mdomo ule ulikuwa umeitika watoto wa wilaya nzima kwa miaka arobaini, na una mazoea yake.

"Marahaba," ukasema.

Mudathir akaishusha mita. "Mama! Umemwitikia?"

"Nimeitika mimi? Mdomo umeitika wenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

"Mtafanyaje? Nimeshaitika. Nitaitika mtu halafu mumpige mbele yangu?" Akageuka kwa hasira, na kwa kuwa alikuwa hataki kumwangalia Margwe usoni, akamwangalia miguuni. Soksi iliyobaki bila kiatu ilikuwa imelegea mbele kama chandarua kisicho na msumari. "We mtoto. Vidole viko wapi?"

"Vimebaki, mama."

"Vimebaki wapi?"

"Kanada."

Mtu mmoja akacheka. Mama Mwamvita akamtazama, kicheko kikakatika.

"Musa, nipe hiyo video."

"Mama, ulisema hutaki..."

"Nimesema nipe. Na uzime hizo kelele za ngoma."

Aliishika simu mbali, kama watu wa umri wake wanavyozishika. Alimwona mwanawe anapigwa. Akaweka kiganja kifuani, lakini hakuiacha. Ikaisha. Akaiangalia tena. Mara ya tatu akasimamisha.

"Hili koti jekundu ni la Saleh, nalijua kwenye picha. Hili la bluu juu yake ni la nani?"

"La kwangu, mama."

"Na wewe umebaki na singlendi. Kwenye barafu." Akaisogeza simu kwa Musa mpaka ikamgusa pua. "Miezi mitano mnatazama mikono yake. Nani katazama miguu? Huyu hana viatu! Mtu anayetaka kuua anamvalisha mwenzake koti?"

Musa akarudisha kichwa nyuma, akatazama miguu.

"Mimi nimekulia Dongobesh," alisema Mama Mwamvita, sauti imeshuka. "Kaka yangu aliletwa nyumbani anachapwa hivi, siku ya mvua ya mawe, wachungaji wanne wanapokezana. Hiki ni kipigo cha kuamsha." Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na jicho zima la Margwe. "Sasa niambie. Mwanangu alikuwa analala usingizi gani, mchana, mpaka aamshwe hivyo?"

Hapo Margwe aliona fimbo zote za stendi zilikuwa nyepesi. Angeweza kusema baridi. Baridi peke yake ingetosha, na kila mtu barazani angeitikia kwa kichwa.

"Jiko, mama. La mkaa. Chumba kilizibwa, hakina hewa. Niliwasha mimi. Saleh hakuniambia niwashe. Mimi."

Kofi lilitoka chini ya shali, hakuna aliyeliona linakuja. Lilikuwa kofi la mkono wa mzee, lakini ndilo lililomwangusha.

"Hilo la jiko," alisema Mama Mwamvita, anapumua kwa nguvu. "Nusura uniulie mtoto. Kofi lingine hamna. Musa, mpigie Saleh."

Kule kulikuwa alfajiri. Saleh alitokea kwenye kioo ana mswaki mdomoni, nyuma yake ukuta mweupe, ukuta uleule wa kwenye simu zake zote.

"Shikamoo mama! Vipi, kuna..."

"Marahaba. Geuza simu. Nionyeshe chumba."

"Mama, mtandao siyo..."

"Saleh."

Simu ikageuka polepole. Likaonekana godoro, ndoo, kamba ya nguo, halafu lile dirisha dogo juu, na kipande cha boksi kilichobandikwa palipovunjwa kioo. Tangu Februari. Mudathir aliweka mita chini taratibu.

"Mama, sasa hivi ni kiangazi," sauti ya Saleh ilisema nyuma ya kamera. "Siyo mbaya. Mama, Margwe yuko hapo? Asikudanganye, alinipiga kweli, lakini..."

"Najua alivyokupiga. Ningekuwepo ningemshikia miguu yako." Akavuta shali mabegani. "Baridi inarudi mwezi gani huko?"

"Wa kumi, mama."

"Basi mwezi wa tisa nakutaka hapa. Utauza mablanketi."

Simu ilikuwa bado imeelekea kwenye boksi la dirisha.

*

Musa ndiye aliyempeleka Margwe Mogitu, kwa pikipiki, hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama Mwamvita alikuwa amemtupia Margwe blanketi zito, bila neno, likamgonga lile jicho bovu. Njia nzima Musa alisema kitu kimoja tu.

"Jino nililitoa mimi au Mudathir?"

"Wewe."

"Aa."

Mama yake Margwe, Verediana, alipoona uso wa mwanawe alipiga yowe. Akamtukana Musa, akamsalimia Musa, akamkaribisha Musa ndani, kwa mpangilio huohuo. Manyunyu yalikuwa yamezidi, mlima umefunikwa wote. Mama akafanya anachofanya mama yeyote wa huku mtoto akirudi amelowa. Aliingiza jiko la mkaa lililokolea, akaliweka katikati ya chumba, akafunga mlango na kusukumia gunia chini yake.

Margwe aliliangalia lile jiko. Akasimama. Akalipiga gunia teke kwa mguu wa vidole viwili, akafungua mlango, akafungua dirisha, akalishika jiko kwa mikono mitupu akaliachia hapohapo anaguna.

"Wewe! Umerukwa na akili? Kwa baridi hii?" Verediana alishika mkono mmoja wa jiko kwa pindo la kitenge. "Huko ulikokuwa walikufundisha kulala kama jiwe?"

"Litoke nje, mama."

"Halitoki! Nyumba ina upenyo, miaka yote tunaota!"

"Mama, litoke!"

Margwe akalishika tena kwa ncha ya blanketi, wakavutana, makaa yakimwagika sakafuni. Musa akainuka. Akavua kofia yake, akaitumia kushikia, akalichukua jiko kutoka kwao wote wawili na kulibeba mpaka uani, akaliacha kwenye mvua. Likafoka, likatoa moshi mweupe, likazima.

Verediana alisema maneno marefu ya Kiiraqw, lugha ya kwao. Musa hakuyaelewa, na ni afadhali. Kisha wakakaa watatu chini ya blanketi moja jipya, mlango wazi, meno yakigongana, ya Margwe yakigongana kwa pengo.